Mchumba Wangu Hajui Kuimba Sala ya Chakula

Mshauri mpendwa,

Shikamoo, na unisamehe kwa barua ndefu, ila naomba unisaidie kabla Jumapili haijafika, maana Jumapili mchumba wangu anakuja kula nyumbani kwetu kwa mara ya kwanza, na mimi nimejipalia makaa kwa mdomo wangu mwenyewe na sasa sijui nianzie wapi kuyazima.

Nikueleze kwanza nyumba yetu ilivyo, usije ukaniona mwehu. Sisi ni Walutheri tangu enzi za mababu, na kwetu chakula hakiguswi kabla ya sala, na sala yenyewe hatuisemi, tunaiimba, tena kwa sauti nne, kwa sababu mama ni mwalimu wa kwaya kanisani na kazi yake hajawahi kuiacha mlangoni. Yeye anaimba sauti ya kwanza, dada yangu muuguzi anaimba ya pili na mimi namfuata nyuma nyuma, baba ambaye ni fundi cherehani anaimba besi mpaka vijiko vinatikisika, na sauti ya tatu ilikuwa ya babu, baba yake mama, tuliyekuwa tunaishi naye. Wimbo wenyewe ni mfupi, wa kumkaribisha Bwana mezani kama mgeni na kumwomba abariki alichotupa, lakini mshauri, ukikosea hata kidogo mama anainua mkono, mnanyamaza, mnaanza upya, awepo mgeni asiwepo. Mchungaji mwenyewe alishawahi kurudishwa mwanzo, na akarudi bila kinyongo, kwa sababu kuku alikuwa mbele yake na ananukia.

Babu alifariki mwaka jana, tena kwa amani, usingizini, mtu aliyeshiba siku. Tangu hapo tunaimba na pengo. Kuna mahali karibu na Amina ambapo sauti ya tatu ilikuwa inapanda peke yake sisi wengine tukimsubiri babu, na sasa tunasubiri bure, pamebaki kimya, na kila tukifika hapo mama anakodolea macho kijiko chake mpaka papite. Na babu ndiye aliyekuwa anafunga meza. Mkishakula hakuna kuinuka, hata simu ilie, yeye anashika ukingo wa meza kwa mikono miwili na kumshukuru Mungu kwa maneno tu, bila wimbo, anaanza na yale tuliyofundishwa kipaimara halafu anaongeza ya kwake, anashukuru kwa chumvi, kwa aliyeosha vyombo jana, kwa jirani aliyepunguza muziki. Siku hizi kila mtu akimaliza anabeba sahani yake anaondoka, mama anabaki na sinki lake, lakini hayo tuyaache, shida yangu ni sauti ya tatu.

Sasa mchumba wangu. Mimi nauza maziwa kwenye duka la pembeni ya stendi, na siku moja friji letu kubwa liligoma, tukaletewa fundi, kijana mrefu mwenye kofia ya bluu na mikono iliyojaa grisi. Alilala chini nyuma ya lile friji kwa muda mrefu, miguu tu ndiyo inaonekana, halafu likanguruma na maziwa yangu yakapona. Nikampa glasi ya maziwa baridi kwa kumshukuru. Mshauri, yule mtu alivua kofia. Akafumba macho, akamshukuru Mungu, akanywa taratibu mpaka mwisho, nikadhani basi, kumbe akafumba macho tena, akashukuru kwa ng'ombe, kwa aliyemkamua, kwa baridi, na kwa dada huyu ambaye angeweza kunipa maji ya bomba lakini amenipa maziwa. Wateja wawili walikuwa wamesimama na chupa zao, wakangoja. Mimi hapo hapo nikawa nimekwisha.

Tangu siku hiyo nimemwona akishukuru kabla na baada ya kula kila kitu, karanga za kwenye karatasi, ndizi moja tuliyogawana kituoni, soda. Hafanyi kwa maonyesho, wala hachukui muda, ni kama mtu anayeaga vizuri kabla ya kutoka nyumba ya watu. Tumeshakubaliana kuoana. Kilichobaki ni wazazi wangu kumwona na kumkubali.

Basi nikamwambia mama jikoni, mama, kuna mtu. Hakuuliza kabila, hakuuliza kazi, hakuuliza umri. Aliuliza, "Mlutheri?" Nikasema ndiyo. Akauliza, "Anaimba sauti gani?" Na mimi, mshauri, sijui nini kilinipata, labda ni yale macho yake, nikasema bila kupepesa, "Ya tatu, mama."

Laiti ungemwona. Aliweka mwiko chini, akageukia dirishani, halafu akaanza kuimba taratibu huku anakoroga, na sijamsikia akiimba jikoni tangu msiba. Kesho yake kiti cha babu kilitoka stoo. Baba amekishonea mto mpya kwa kitambaa kizuri alichokuwa anamwekea mteja. Kwaya nzima imeshaambiwa kwamba nyumbani kwetu sauti ya tatu inarudi.

Na ukweli ni kwamba mchumba wangu hajui kuimba kabisa. Sisemi anaimba wastani, nasema hajui. Anapanda pale sisi tunaposhuka, akifika juu anakaa huko huko, na kwa sauti kubwa ya furaha. Tatizo hajui kama hajui. Kanisani kwao anakaa benchi lililo jirani na kinanda, na kinanda kinamsitiri. Nilipomwambia kwetu sala inaimbwa alifurahi kama mtoto, akaniomba nimrekodie wimbo kwenye simu, na sasa anafanya mazoezi karakana huku anafungua mafriji, na juzi mteja mmoja alimuuliza kama hilo friji litapona au bora anunue jipya.

Dada yangu anasema nimwambie mchumba afungue mdomo tu asitoe sauti, mama hatajua. Hatajua? Mama anayesikia mtu wa safu ya nyuma akimeza mate? Baadaye dada akasema basi aseme ana mafua. Lakini atakuwa na mafua mpaka lini, mpaka tuzae? Nikiwaza kumwambia mama ukweli naona kile kiti na ule mto mpya, nakosa nguvu. Nikiwaza kumwambia mchumba naona anavyofurahi, nakosa nguvu zaidi. Nampenda mama na nampenda huyu mtu, na naogopa mama akimsikia atainua mkono kumsimamisha, na moyoni atakuwa amemsimamisha moja kwa moja. Nifanye nini? Tafadhali nijibu haraka, na kama kuna kunikemea nikemee, ila usinicheke.

Ni mimi,
Muuza Maziwa wa Sauti ya Pili

SHANGAZI WA UKURASA HUU ANAJIBU

Muuza Maziwa, mwanangu,

Marahaba. Nimecheka. Pole, lakini mtu akiniletea habari ya fundi anayeimba mpaka mteja anakata tamaa na friji lake, kisha aniambie nisicheke, huo ni uonevu. Nimekutumia jibu hili mapema kwenye simu ili Jumapili isikukute umekaa, wengine watalisoma gazetini kwa wakati wao.

Nikishamaliza kucheka, nakukemea. Umemdanganya mama yako, tena si kwa jambo la kijinga, umemdanganya mahali panapomuuma. Ulimwona ana kiu ukampa glasi tupu. Najua hukukusudia, najua ulimi uliteleza kwa sababu unampenda, lakini kila siku unayonyamaza yule mama anazidi kumwandalia kiti mtu ambaye hayupo. Na huyo aliyepo, mtu wa nyama na damu na kofia ya bluu, unataka kumkalisha kwenye kiti hicho umwambie afungue mdomo asitoe sauti.

Hebu fikiri unachomwomba. Mtu aliyekuteka moyo kwa sababu anamshukuru Mungu kwa glasi ya maziwa mbele ya wateja waliosimama, huyo huyo unataka siku ya kwanza mezani kwenu ajifanye anashukuru. Atachezesha midomo mbele ya Mungu ili asimuudhi mkwe! Hilo wazo la dada yako ulirudishe kwake, mwambie Shangazi amelikataa, na la mafua alipeleke kazini kwake hospitali.

Sasa sikiliza. Umesoma kipaimara, nami nilisoma. Tulifundishwa kwamba tunapoomba mkate wa kila siku hatuombi mkate tu, tunaomba pamoja nao nguo, nyumba, mume mwema, majirani wema, hata hali ya hewa nzuri. Mimi nimejaribu kukumbuka mahali tulipoambiwa kwamba na sauti ya tatu imo, sijapakumbuka. Mume mwema yumo, nina hakika. Na wewe Mungu amekuletea huyo mpaka dukani, akalala sakafuni nyuma ya friji lako, halafu unakaa unalia kwamba hapandi pale mnapopanda.

Simdharau mama yako na kwaya yake, usinielewe vibaya. Nyumba inayoimba sala ya chakula kwa sauti nne ni nyumba iliyobarikiwa, na kama mngekuwa majirani zangu ningekuja kuazima chumvi kila siku saa ya kula. Lakini wimbo huo mnamwimbia Mgeni mnayemkaribisha, na Mgeni huyo hajaunda kamati ya kuchuja sauti. Kile kinanda cha kanisani kinamsitiri mchumba wako kwa watu, kwa Mungu hakijawahi kumsitiri hata siku moja, na bado anapewa ugali wake kila siku.

Lakini si hilo hasa lililonifanya niisome barua yako mara ya pili. Kuna mahali umepita mbio. Umeandika kwamba babu ndiye aliyekuwa anafunga meza, anashika ukingo, anashukuru mpaka kwa chumvi, na kwamba siku hizi kila mtu anabeba sahani yake anaondoka na mama anabaki na sinki. Kisha ukasema, "hayo tuyaache." Kwa nini tuyaache? Mwanangu, sisi Walutheri tumefundishwa kushukuru mara mbili, tukikaa na tukimaliza. Ya kwanza ninyi mmeishikilia kwa kucha na meno, mnairudia mpaka mchungaji anatokwa jasho. Ya pili mliizika na babu yenu, na hakuna hata mmoja aliyesema. Mnasikia pengo la sekunde chache ndani ya wimbo, hamsikii kwamba mlo wenu hauna mwisho.

Mama yako anadhani anamkosa babu pale karibu na Amina, na ni kweli anamkosa. Ila yule mama anamkosa zaidi kwenye sinki. Zamani alikaa na watu wake baada ya kula, akasikia mtu akimshukuru Mungu kwa kazi ya mikono yake. Sasa anasikia viti vinaburutwa.

Na wewe unaye mtu mmoja, pengine mmoja tu mjini kwenu, ambaye baada ya kumaliza glasi anafumba macho mara ya pili. Huoni?

Basi fanya hivi, na ufanye leo. Nenda kwa mama yako jikoni, usimwambie kwa simu, nenda wakati mikono yake ina kazi, maana mama mwenye kazi mikononi anasikia vizuri zaidi. Mwambie, mama nilikudanganya, hajui kuimba. Usizungushe, usianze na habari za hali ya hewa. Akinyamaza, mwache anyamaze. Usimjazie maneno. Kisha umwambie habari ya ile glasi ya maziwa kama ulivyoniambia mimi, na umsikilize atakachouliza.

Ukitoka hapo nenda karakana. Mwambie mchumba wako kwamba haimbi vizuri, mwambie wewe kabla watu hawajamwonyesha kwa macho. Mwanamume anayetengeneza vitu vibovu kila siku ataweza kusikia kwamba na yeye ana kifaa kimoja kibovu. Lakini usimkataze kuimba. Jumapili aimbe, na mama yako akiinua mkono, ainue, ni nyumba yake.

Halafu mwombe baba yako, huyo fundi wa mito, kwamba chakula kikiisha asiache mtu anyanyuke, ampe mgeni nafasi ya kushukuru. Usimwandikie mchumba maneno. Usimfundishe babu alikuwa anasemaje, hatumtafuti babu wa pili. Mwache ashukuru kama anavyoshukuru kwa karanga.

Na kile kiti kibaki pale pale mezani. Mama yako hakukosea kukitoa stoo, wewe tu ndiye uliyempa sababu isiyo ya kweli. Mkalishe mtu wako hapo kwa sababu ya kweli.

Nenda sasa, mwanangu, jikoni. Hii simu iweke chini.

Shangazi wako

Jumatatu, kabla ukurasa huu haujaenda kuchapwa, nililetewa ujumbe ufuatao. Mwenyewe ameniruhusu niuweke.

"Shangazi, nilikwenda. Mama alikuwa anamenya vitunguu. Nilimwambia yote kwa pumzi moja, akaendelea kumenya, akamaliza kimoja, akachukua kingine, kisha akauliza, 'Vibaya kiasi gani?' Nikasema, 'Mama, vibaya sana.' Akaniambia nimuimbie kama anavyoimba huyo fundi. Nikamuimbia. Akacheka, akalia, na kwa sababu ya vile vitunguu sijui kipi kilianza. Halafu nikamwambia habari ya maziwa, akaacha kisu, akasema nirudie pale aliposhukuru kwa yule aliyemkamua ng'ombe.

"Fundi naye nilimwambia. Alikaa juu ya friji bovu, akawaza, akasema, 'Kwa hiyo kile kinanda kilikuwa kinanificha siku zote hizi?' Akacheka mpaka akashuka. Akasema ataimba hivyo hivyo, maana alishajifunza maneno.

"Na Jumapili aliimba. Shangazi, aliimba! Baba alipotezana na besi yake kwa mara ya kwanza maishani, dada aliinamia sahani mabega yanatikisika. Tulipofika pale mahali pa babu, tukanyamaza kama kawaida, yeye hakujua kama tunanyamaza, akapita peke yake na noti ambayo hata haipo. Mkono wa mama ukainuka. Nikafumba macho. Nilipofumbua, mama hakuwa anamsimamisha, alikuwa anampigia mdundo aendelee.

"Tukala. Dada akainuka na sahani, baba akasema, 'Kaa.' Fundi akafumba macho. Akashukuru kwa kuku na viazi, kwa mikono ya mama iliyonukia vitunguu, kwa baba aliyeshona mto, kwa mzee mwenye kiti ambaye hakumkuta lakini amekaa kwenye nafasi yake na ameshiba. Akashukuru kwamba mama aliambiwa hajui kuimba na bado akampikia. Akasema Amina kawaida tu, kama mtu anayefunga mlango taratibu.

"Hakuna aliyeinuka. Vyombo vilikaa mezani na mifupa yake, hakuna aliyevijali. Mama alikuwa ameshika ukingo wa meza kwa mikono miwili, sijui kama alijua. Akamtazama fundi, akanitazama mimi, akasema, 'Haya, tarehe mmeshapanga, au mnangoja mpaka ajue kuimba?'"